Usinunue Jina: Vile Utachagua Fimbo za Gofu Zinazokutoshea Bila Kulaliwa

Wacha tuseme ukweli. Kitambo, ukisikia msee mtaani anasema anaenda kucheza gofu, ulijua huyo ni mdosi, mzee wa kitambi ama mtoto wa sonko. Siku hizi rada imebadilika. Msee mwenye mlisoma naye chuo ako renji kila Jumamosi asubuhi, dem wa idara ya mauzo anaongea kuhusu handikapu yake, na mdosi ameshatuma ujumbe kwa grupu ya kazi: kampuni inaandaa siku ya gofu, mwenye anataka kucheza aandikishe jina.

Umeandikisha. Sasa umebaki na shida moja: fimbo.

Hapa ndio wasee wengi huchomeka. Unaingia dukani ama unascroli simu, unaona begi imejaa fimbo 14 zinang'aa, jina kubwa limeandikwa kwa kichwa ya draiva. Muuzaji anakushow hizo ndizo wale wa kwa tivii wanatumia. Unatoa akiba yote. Miezi mitatu baadaye mgongo unauma, mpira unaenda kulia kila saa, begi iko nyuma ya mlango wa keja inakula vumbi, na wewe ushaamua gofu si mchezo wako.

Pengine shida haikuwa wewe. Pengine hizo fimbo zilitengenezewa mtu mwingine: mrefu kukuliko, mwenye nguvu kukuliko, ama mwenye amecheza miaka ishirini. Fimbo ya gofu ni kama suti, ikikosa kukutoshea haijalishi imeandikwa jina gani ndani ya kola. Kwa hivyo kabla utume ata shilingi moja, soma hii hadi mwisho.

KWANZA, JUA KILA FIMBO INAFANYA WERA GANI

Kwa begi kuna familia tano.

Draiva ndio ile ndefu yenye kichwa kikubwa. Unaitumia kuanza shimo refu. Sheria zinaruhusu kichwa cha draiva kifike ujazo wa sentimita 460 za mchemraba, na za siku hizi nyingi ziko hapo hapo kwa mpaka.

Wudi ni ndugu mdogo wa draiva. Kichwa ni kidogo, shafti ni fupi kidogo, na unaweza kuipiga mpira ukiwa umekaa kwa nyasi.

Haibridi ni mchanganyiko wa wudi na aironi. Ilikuja kuwaokoa watu kutoka kwa aironi 3 na 4, zenye ni ngumu kupiga ata kwa wazoefu.

Aironi ndizo zile za chuma zenye namba. Namba ikipanda, fimbo inakuwa fupi, uso unalala zaidi, na mpira unaenda juu lakini karibu. Aironi 9 inaenda karibu kuliko aironi 7. Hapa pia kuna weji, zile za kupiga karibu na grini na za kutoa mpira kwa mchanga.

Mwisho ni puta, ya kusukuma mpira uingie shimoni.

HAUHITAJI FIMBO 14

Sheria za gofu zinasema usibebe zaidi ya fimbo 14. Ukibeba zaidi kwa mashindano ya kuhesabu mapigo, unaongezewa mapigo mawili kwa kila shimo ulilovunja sheria, mwisho mapigo manne kwa raundi. Lakini 14 ni dari. Hakuna mahali imeandikwa ni lazima ufike hapo.

Cheki hii. Mwaka 1916 Chick Evans alishinda US Open akiwa na fimbo saba pekee kwa begi, na zilikuwa na shafti za mbao. Huyo jamaa alijifunza gofu akiwa kedi huko Chicago. Na Seve Ballesteros, yule Mhispania mwenye alishinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza kwa ufuo wa bahari pale kwao Pedreña akiwa na aironi 3 moja. Fimbo moja! Hiyo moja ilimlazimisha kujua kupiga mpira juu, chini, karibu na mbali. Mwishowe alibeba mataji matano makubwa.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ile uko nayo mkononi, na unaijua, ndio itaua.

Kwa hivyo anza na saba:

1. Wudi 3 ama 5. Hii itakuwa draiva yako kwa muda.
2. Haibridi 4 ama 5.
3. Aironi 7.
4. Aironi 9.
5. Weji ya pitchi, ile imeandikwa P ama PW.
6. Weji ya mchanga, yenye uso wa karibu digrii 56.
7. Puta.

Mbona nimeacha draiva? Juu draiva ndio fimbo ndefu zaidi kwa begi, karibu inchi 45 na zaidi, na uso wake umesimama wima kuliko zote isipokuwa puta. Hizo vitu mbili zikikutana na msee mwenye hajajua kupiga, mpira unapinda kama ndizi. Wudi ni fupi na uso wake umelala zaidi, kwa hivyo inakusamehe. Ukishaipiga moja kwa moja mara saba kwa kumi, hapo sasa nenda utafute draiva, na uchukue ya digrii 10.5 kwenda juu, usikimbilie 9.

UREFU WAKO: CHUKUA FUTI YA FUNDI WA NGUO

Watu hudhani msee mrefu ni lazima atumie fimbo ndefu. Si hivyo tu. Kuna wasee warefu wenye mikono inafika magotini, na kuna wafupi wenye mikono mifupi. Kitu inahesabika ni umbali kutoka mkono wako hadi chini.

Pima hivi. Vaa viatu za michezo, simama wima, mikono ianguke yenyewe kando. Mwambie mtu apime kutoka kwa mkunjo wa kiwiko cha mkono, pale unavaa saa, hadi sakafuni. Ukipata takriban inchi 34 hadi 36, yaani sentimita 86 hadi 91, urefu wa kawaida wa dukani utakufaa. Ukiwa chini ya hapo, unaweza kuhitaji fimbo fupi kidogo. Ukiwa juu, ndefu kidogo. Na tukisema kidogo ni nusu inchi hivi, usiende kukata mguu mzima.

Juu pia kukata shafti kuna madhara. Ukiikata inakuwa ngumu zaidi, na kichwa kinahisika chepesi mkononi. Ukinunua fimbo ndefu ukijiambia utakata, jua unabadilisha fimbo yote.

Kitu ingine ni vile kichwa kinakaa chini ukiwa umesimama kupiga. Ncha ya mbele ikiwa imeinuka hewani, mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huvutwa kushoto. Ncha ikichimba chini na kisigino kikiwa juu, mpira huenda kulia. Unaweza kuwa na swingi poa kabisa lakini fimbo inakusaliti kila pigo.

Kuna mbinu ya bure ya kucheki. Chora mstari mnene kwa mpira na kalamu ya ubao mweupe, weka mpira chini mstari ukiwa umesimama wima na ukiangalia uso wa fimbo, kisha piga. Wino utaacha alama kwa uso. Alama ikiwa wima, uko sawa. Ikilala upande mmoja, hiyo fimbo inafaa kukunjwa ikutoshe. Rudia mara tano hivi, usiamini pigo moja.

Na kukunjwa si kazi ya kila fundi. Kuna mashine maalum ya kushika kichwa na kupima digrii. Usimpelekee yule jamaa wa kuchomelea mageti, ata kama ni boy wako. Kuna chuma inakunjika na kuna ingine inavunjika tu.

SHAFTI: HAPA NDIO WANAUME HUJIDANGANYA

Kwa shafti utaona herufi. L ni laini zaidi, halafu A, halafu R, halafu S, na X ni ngumu kama nondo. Muulize jamaa yeyote wa miaka 25 mwenye anaenda jim anataka gani, atakushow S. Hakuna mtu anataka kuonekana ako na shafti laini.

Sasa sikiza. Shafti inajikunja ukishusha fimbo, kisha inanyooka karibu na mpira. Ikiwa ngumu kuliko kasi yako, mara nyingi mpira unatoka chini, unaenda kulia, na mikono inatetemeka kama umepiga jiwe. Ikiwa laini sana kwa msee wa kasi, mpira unarushwa juu na unapotea kushoto. Misuli ya jim haipimi kasi ya swingi. Kuna wasee wembamba wanapiga mbali kukuliko, juu swingi ni mpangilio wa mwili.

Kama hauna mashine ya kupima kasi, tumia aironi 7. Piga mipira ishirini renji, tupa ile mibaya kabisa na ile ya bahati, angalia nyingi zinaangukia wapi. Haya ni makadirio ya kukuongoza:

Chini ya yadi 120: angalia A ama R nyepesi.
Yadi 120 hadi 145: R.
Zaidi ya yadi 150: S inaanza kuwa na maana.
Ukiwa katikati ya mbili: chukua ile laini.

Kuna pia swali la chuma ama grafaiti. Shafti ya chuma kwa aironi huwa na uzito wa karibu gramu 95 hadi 130. Ya grafaiti mara nyingi iko kati ya gramu 50 na 80. Grafaiti ni nyepesi na inameza mtetemo, kwa hivyo ni poa kwa mtu ako na shida ya kiwiko, mkono ama mgongo. Chuma huwa bei nafuu kwa mtumba na haipasuki kiurahisi. Ukiwa mzima na bajeti ni ndogo, chuma nyepesi ya R haitakuangusha.

KICHWA: CHUKUA ILE INASAMEHE

Geuza aironi uangalie mgongo wake. Kama ni bapa, nyembamba, inapendeza kama kisu cha jikoni, hiyo ni ya watu wanapiga katikati ya uso kila mara. Ukigusa nje ya katikati inakuadhibu. Kama mgongo umechimbwa shimo na uzito umesukumwa kando kando, hiyo ndio yako.

Sayansi yake ni rahisi. Ukisimama kwa mathree miguu ikiwa pamoja, dere akikanyaga breki unaanguka. Ukitanua miguu, unabaki wima. Kichwa chenye uzito uko kando ni hivyo hivyo, ukigonga mpira vibaya hakizunguki sana, na mpira bado unaenda mbele.

Hii ideya iliuzwa kwa dunia na Karsten Solheim, injinia aliyezaliwa Norway na kukulia Marekani. Alianza gofu akiwa na miaka 42, baada ya wenzake wa kazini kumwalika. Unaona? Kama wewe tu. Alikuwa anapata tabu kuingiza mpira shimoni, akaamua kujitengenezea puta yake kwa gereji mwaka 1959. Iligonga mpira na kutoa mlio wa ping, na hiyo ndio ikawa jina la kampuni. Baadaye alipeleka hiyo akili ya uzito wa kando kwa aironi.

DIGRII ZA UKWELI NA UONGO WA NAMBA

Kuna kitu wauzaji hawakushow. Namba ya aironi haina kipimo kimoja dunia nzima. Aironi 7 ya kitambo inaweza kuwa na digrii 34 ama 35. Aironi 7 ya siku hizi ya kusaidia wanaojifunza inaweza kuwa 29 ama 30. Kwa hivyo ukipewa aironi mpya renji na mpira uende yadi kumi mbele, usirukeruke. Pengine umepewa aironi 6 yenye imeandikwa 7.

Shida inakuja chini. Weji ya pitchi ya seti kama hiyo inaweza kuwa digrii 44. Ukitoka hapo hadi weji ya mchanga ya 56, kuna shimo la digrii 12 katikati, na utajikuta umesimama mahali hakuna fimbo inafika vizuri. Kwa hivyo uliza digrii, andika kwa simu, na uhakikishe kila fimbo inapishana na ingine kwa umbali unaoeleweka. Ukiona pengo, fimbo ya nane kwa begi yako itakuwa weji ya karibu digrii 50.

Na kama unacheza Nairobi, kuna kitu ingine. Hii Kanairo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kwa karibu asilimia 6 kuliko pwani. Yadi 150 zako za huku zinakuwa 140 hivi ukienda Nyali ama Vipingo. Kwa hivyo usijipime na msee wa Mombasa, na usichague shafti kwa sifa za hewa ya Nairobi. Ukiwa umekaribia mpaka wa R na S, kumbuka hizo yadi za bure.

PUTA: HAPA NDIO MCHEZO UNAISHIA

Piga hesabu na mimi. Uwanja wa mashimo 18 wenye par ni 72 unahesabu mapigo mawili kwa grini kila shimo. Hiyo ni 36, nusu ya par. Draiva nayo unaitoa mara 14 hivi, juu mashimo mafupi kwa kawaida huwa manne na hapo hauihitaji. Sasa niambie mbona unataka kuweka pesa yote kwa draiva na uchukue puta yoyote tu?

Puta nyingi huwa inchi 33 hadi 35. Inama vile unajisikia, mikono ining'inie bila kukaza, macho yawe juu ya mpira ama ndani yake kidogo. Kama mwisho wa gripi unakugonga tumbo ama unalazimika kuinama kama unatafuta shilingi imeanguka, urefu si wako.

Halafu laza shafti kwa kidole, uibalansi. Uso ukiangalia juu mbinguni, hiyo puta inapenda mtu anasukuma moja kwa moja nyuma na mbele. Ncha ikianguka chini, inapenda mtu ambaye mkono wake unazunguka kidogo kama mlango. Zote ni fiti, chagua ile inafanana na mkono wako.

MTUMBA: CHEKI HIZI VITU KABLA UTUME PESA

Draiva mpya ya kampuni kubwa huko Marekani inauzwa karibu dola 600. Hiyo ni zaidi ya thao sabini kwa fimbo moja, na bado haijafika Kenya. Kwa hivyo mtumba si aibu. Fimbo nzuri ya miaka kumi nyuma bado inapiga. Vile unachagua kamera pale Gikomba, tumia jicho hilo hilo hapa.

Tikisa kichwa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, inaweza kuwa gundi imevunjika ama kitu kimelegea.

Angalia shingo, pale shafti inaingia kwa kichwa. Grafaiti yenye nyufa, wacha. Chuma yenye kutu imekula ndani, wacha pia. Kutu ya juu juu ya weji haina noma.

Pitisha kucha kwa mistari ya uso. Kucha ikiteleza bila kushika, mistari imeisha, na kwa weji hiyo ndio kazi yote imeisha.

Panga aironi zote kwa ukuta kulingana na namba. Zinafaa kushuka kwa mpango, karibu nusu inchi kila moja. Ukiona moja imeruka, ama vibandiko vya shafti havifanani, hiyo seti imeunganishwa kutoka kwa begi tofauti.

Shika gripi. Ikiwa ngumu na inateleza, jaribu kuiosha na maji vuguvugu na sabuni. Ikikataa, utabadilisha, kwa hivyo toa hiyo gharama kwa bei. Na usikatae fimbo nzuri juu ya gripi, hiyo ndio sehemu rahisi kubadilisha.

Kuhusu feki: beba sumaku ndogo. Titaniamu haishikwi na sumaku. Kama muuzaji amekushow draiva ni ya titaniamu na sumaku inang'ang'ania uso wake, hiyo ni stori za jaba. Lakini sumaku ikikosa kushika bado si ushahidi, juu kuna vyuma vingine pia havishikwi. Angalia kama kuna namba ya usajili karibu na shingo, angalia kama maandishi na rangi zimenyooka, linganisha na picha za kampuni yenyewe. Na begi nzima ya jina kubwa ikiuzwa bei ya viatu, jiulize mbona.

Kama uko na binamu majuu na anakuja Disemba, anaweza kukubebea. Ila piga hesabu ya mzigo wa ndege na ushuru mapema, ndio usije ukaachwa na bili inashinda fimbo.

MADEM NA WATU WA MKONO WA KUSHOTO

Dada yangu, usikubali kuuziwa fimbo juu tu zina rangi ya waridi. Fimbo zilizoandikwa za wanawake kwa kawaida huwa fupi, nyepesi, na shafti ya L. Kama vipimo vyako na yadi zako zinaangukia hapo, poa sana. Kama uko mrefu ama ulikuwa unacheza hoki na mkono ni moto, pengine A ama R ndio yako. Fuata futi na renji, usifuate kibandiko.

Kwa msee wa kushoto, mtumba itakuwa chache, kwa hivyo jipe muda. Kabla ununue, jaribu pande zote mbili. Phil Mickelson anaandika na mkono wa kulia lakini anacheza kushoto, na ameshinda mataji makubwa sita. Upande unaoandikia si lazima uwe upande unaopigia.

PESA IENDE WAPI KWANZA

Uko na bajeti ya kujinyima. Ipange hivi.

Kwanza, lipia masomo mawili ama matatu na kocha kabla ya kununua fimbo yoyote. Tumia za kukodisha ama za kuazima. Nairobi unaweza kuenda mahali kama Golf Park pale Ngong Racecourse, upige mipira renji bila kuwa memba wa klabu. Mwambie kocha anaona unahitaji nini, na uandike.

Pili, nunua aironi 7, weji ya pitchi na puta. Hizo tatu pekee zinatosha kujifunza miezi miwili. Ukiboeka na mchezo, hasara yako ni ndogo.

Tatu, zikishakubali mkono, ongeza zile zingine nne. Kama umepata seti nzuri ya aironi 4 hadi weji kwa bei poa, chukua, lakini zile ndefu wacha keja kwanza.

Nne, mipira. Usinunue ile ya bei ghali, juu mwanzoni nyingi zitaingia majini na vichakani.

Mwisho kabisa, draiva. Na luku ya uwanjani? Hiyo iko nyuma ya draiva, boss. Shati yenye kola na viatu safi, halafu uulize klabu wanataka nini.

Na kuna mtu mmoja usimsahau: kedi. Ukitoa kedi kwa raundi yako ya kwanza, mheshimu, mlipe vizuri, na umuulize anaonaje fimbo zako. Hao wasee wameona mamia ya swingi, wengine wao wanacheza kukuliko, na hawana duka la kukuuzia. Akikuambia, "mkubwa, hii shafti inakushinda," skiza. Ushauri huo haupatikani kwa tangazo lolote.

Sasa rudi kwa ile siku ya kampuni. Mdosi atakuja na begi ya fimbo 14 zinang'aa kama bibi harusi. Wewe utakuja na saba za mtumba, umezipima, unajua kila moja inaenda wapi. Usione haya. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mkifika shimo la kwanza toa wudi yako, pumua, piga mpira ukae katikati ya nyasi. Kama mdosi ataanza kutafuta wake kwa kichaka, msaidie kutafuta. Hiyo pia ni sehemu ya mchezo.